Nani Ana Haki ya Kuuliza Maswali?

Utafiti shirikishi unapotajwa Afrika Mashariki, wengi wetu hukumbuka Jipemoyo, mradi wa miaka ya 1970 huko Bagamoyo ambao Marja-Liisa Swantz alikuwa mmoja wa waanzilishi wake. Mradi ule ulitoka kwa wasomi ukawafuata wanavijiji. Kasese, miaka 20 hivi kabla yake, mambo yalianzia chini.

Tangu mkataba wa mwaka 1900, Wakonzo wa milima ya Rwenzori walihesabiwa kuwa raia wa ufalme wa Toro. Kitoro ndicho kilichotawala shuleni na barazani, na historia yao ilisimuliwa na wengine. Katika miaka ya 1950 mwalimu wa shule, Isaya Mukirane, alianzisha chama cha kuchunguza maisha na historia ya Wakonzo. Tom Stacey, mwandishi Mwingereza aliyetembea naye milimani mwaka 1954, alikuwa karibu na kazi hiyo, lakini swali lilikuwa la wenyeji: sisi ni nani? Mwaka 1962 Mukirane na wenzake walitoka katika baraza la Toro, na vuguvugu la Rwenzururu likatangaza kujitenga.

Wapo wanaosema hapo utafiti uliharibika ukawa siasa. Sikubaliani nao. Kuwaandika watu kama tawi dogo la ufalme wa jirani ilikuwa siasa vilevile, ila haikuitwa hivyo kwa sababu ilikuwa na muhuri wa serikali.

Linalonisumbua ni neno "kwa ajili ya". Kwa ajili ya nani? Kasese si ya Wakonzo peke yao. Wasongora, wafugaji wa tambarare, walipoteza malisho mengi mbuga ya wanyama ilipoanzishwa mwaka 1952. Wapo Wanyabindi, wapo Watoro. Na ukivuka mpaka wa Mpondwe, hatua chache kutoka Bwera, unawakuta Wanande wa Kongo ambao lugha yao ni karibu ileile ya Wakonzo. Mtafiti ambaye ni mwanachama wa vuguvugu atamuuliza nani kuhusu ardhi: babu yake, au jirani anayeidai ardhi hiyohiyo? Aliyenyimwa nafasi ya kuuliza ana haki ya kuanza, lakini haki hiyo haimruhusu kuuliza peke yake.

Nitajibiwa kwamba kuandika ushahidi unaopinga vuguvugu wakati wa mapambano ni kumpa adui mkuki. Hoja hii ni nzito, hasa kwa watu waliokwisha kuzika ndugu zao. Novemba 2016, katika mapigano kati ya vikosi vya serikali na walinzi wa mfalme wa Rwenzururu mjini Kasese, watu zaidi ya 100 waliuawa. Wengi walikuwa wa upande wa mfalme. Polisi pia walikufa.

Tuseme vijana wa Bwera wanaamua leo kukusanya ushahidi wa siku zile, kwa Kikonzo, bila kungoja tume wala chuo kikuu. Ningewaunga mkono. Ningewaomba wabishe hodi pia kwa wajane wa polisi, na maneno ya wajane hao yaingie katika daftari lilelile, si katika kiambatisho. Daftari lenyewe libaki Bwera, mahali ambapo hata Msongora anaweza kuingia na kulisoma.