Mgongo wa Asubuhi

Ukijipima urefu asubuhi hii, utajikuta umezidi urefu wako wa jana jioni kwa karibu sentimita 1. Ulipokuwa umelala, visahani laini vilivyo kati ya pingili za uti wa mgongo vilifyonza maji vikajaa. Mchana, uzito wa mwili utayakamua tena.

Visahani hivyo, kwa mtu mzima, karibu havina mishipa ya damu. Lishe yake husaidiwa na mwendo: kubanwa na kuachiliwa. Huenda ndiyo sababu mojawapo hata fundi cherehani anayekaa kutwa bila kuinuka huweza kuumwa mgongo, naye hajabeba kitu.

Lakini zaidi nawafikiria makuli wa soko la Kariakoo, ambao saa hii wamekwishaanza kushusha mizigo. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Gunia la lumbesa, lile lililojazwa kupita kiasi, hupita kilo 100! Kijana hulibeba, tukamsifu kwa nguvu zake. Inaniuma. Tunangoja mpaka ashindwe kuinama kufunga viatu, ndipo tuulizane habari za hospitali.

Basi katika saa ya kwanza baada ya kuamka, usikimbilie kuinamia ndoo, tembeatembea kwanza. Ukiinua kitu, kunja magoti, kisogeze karibu na kifua. Na wewe mwenye mzigo sokoni, ligawe gunia hilo, umlipe kuli safari mbili.