Mamba wa mdomo mrefu na hukumu yetu

Kwetu Kasenga, na pote kandokando ya ziwa hapa Uvira, mtu akisema mamba amesema kifo. Robine ikikauka, mama anashika bidoni anaenda kuteka ziwani, na kabla ya kuinama anaangalia maji. Nani atamwambia alinde mnyama huyo?

Lakini mamba si wa aina moja. Gustave, yule wa Ruzizi upande wa Burundi, ambaye Mfaransa Patrice Faye alijaribu kumnasa kwa kizimba akashindwa, alikuwa mamba wa Nile. Yuko mwingine mwenye mdomo mrefu mwembamba, na Ziwa Tanganyika ni makao yake ya tangu zamani. Chakula chake hasa ni samaki. Mwaka 2014 shirika la IUCN lilimwandika kati ya wanyama walio karibu kabisa kutoweka. Huyu naye akionekana anapigwa kama mla watu.

Je, ni haki kuhukumu kiumbe kwa ukoo wake? Siye wa uwanda wa Ruzizi, kwa yale tuliyoyaona, tusijibu haraka haraka.

Wengine watasema mnyama hana haki, ni mtu tu. Sawa. Lakini mvuvi akikuta mdomo ule mwembamba ndani ya wavu, panga iko mkononi mwake yeye, na swali ni lake.

Kuhusu yule mama, niko upande wake. Ziwa lilipopanda mwaka 2021, na tena 2024, maji yaliingia mpaka nyumbani mwa watu. Wanaotaka kumfundisha habari za mamba wamletee kwanza robine.