Kumgomea nani?

Desemba 1941, wafanyakazi wa kampuni ya migodi ya Union Minière walisimamisha kazi Elisabethville, Lubumbashi ya leo, wakidai nyongeza ya mshahara. Askari waliwafyatulia risasi, makumi wakafa. Lakini hoja yao ilieleweka hata na waliowaua: vita vya dunia vilihitaji shaba, na shaba haikutoka bila mikono yao.

Kwetu Ndosho, mtaa wa Goma, hakuna hoja ya namna hiyo. Huyu ni motari, dereva wa pikipiki ya abiria, yule anasukuma chukudu, kigari cha mbao, mama anauza makala yaliyotoka upande wa Sake. Bosi wao nani? Akigoma, anaigomea sufuria yake mwenyewe. Hata mwalimu, ambaye mwajiri anaye, alipogoma mwanzoni mwa miaka ya 1990 mzigo uliangukia wazazi: wakaanza kumlipa “prime”, yaani nyongeza kutoka mifukoni mwao, na serikali ikazoea. Mpaka elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa ya bure mwaka 2019, mzazi ndiye aliyebeba shule.

Basi kwa nini serikali ya Rais Kabila iliogopa siku moja ya “ville morte”, mji uliokufa? Tarehe 16 Februari 2016 watu waliombwa kubaki nyumbani, Kabila akumbushwe kwamba muhula wake unaisha Desemba. Alfajiri ileile, hapa Goma, vijana sita wa vuguvugu la LUCHA walikamatwa wakiandaa mabango. Walihukumiwa miaka miwili, rufaa ikaishusha hadi miezi sita. Kwa kitambaa na rangi!

Nadhani serikali dhaifu huegemea jambo moja: kila mtu adhani jirani yake ameridhika. Madirisha yakifungwa mtaa mzima, dhana hiyo inavunjika. Hakuna aliyeshawishiwa upya. Watu wamejihesabu tu.

Ila mlango uliofungwa hausemi kwa nini umefungwa. Pale motari anayetoka anapokutana na tairi linaloungua na mawe, siwezi tena kujua nani amekubali na nani ameogopa, na waandaaji nao hawajui, ingawa jioni watadai mji wote uko nyuma yao. Kabila mwenyewe aliondoka Januari 2019, miaka miwili baada ya muhula kwisha. Muda mrefu hivyo hausubiriwi kwa kufunga maduka. Ndiyo maana anayeishi kwa mshahara wa mwezi akiitisha “ville morte” ya siku tatu mfululizo, namuuliza kwanza: yule mama wa makala, siku ya pili atapika nini?