Modemu Niliitupa, Programu Yake Ikabaki

Somo la kutafakari: Luka 19:1–10



Leo naomba nikusimulie habari ya kompyuta. Usinikimbie, kwenye Injili tutafika. Tena tutafika mahali ambapo mimi mwenyewe sikutaka kufika.

Ilikuwa Februari 2020, Kwaresima inakaribia. Nilikuwa na laptop ya mtumba, ya siku nyingi, RAM yake GB 2, inatumia Windows 7. Mwezi uliotangulia, tarehe 14 Januari, Windows 7 ilikuwa imefikia mwisho wa kuhudumiwa, yaani haipokei tena marekebisho ya usalama kama zamani. Nikasema basi, na mimi nihamie Windows 10. Kwa kubanabana laptop yangu ilikuwa inafaa. Nikanunua bando la usiku, nikapakua, nikaanza.

Asilimia zikapanda vizuri. Ishirini, arobaini, sabini na tano. Hapo ikazima, ikawaka, yakatokea maandishi kwamba inarudisha toleo la zamani. Asubuhi nikaikuta Windows 7 ileile, na picha ileile ya ua, kana kwamba usiku ule haukuwepo. Kulikuwa na kidirisha chenye namba ndefu inayoanza na 0xC1900101. Sikuisoma. Nikabonyeza kujaribu tena. Usiku wa pili, vilevile. Wa tatu, vilevile. Mara nne nimeanza upya, mara nne nimerudishwa nilikotoka.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja mwenye kibanda cha stesheneri karibu na parokia. Ni kaka mtaratibu, hana maneno mengi.

"Mdogo wangu, ile namba uliiandika?"

"Hapana, kaka."

"Sasa kompyuta imekuambia mara nne inaumwa wapi, na wewe mara nne unaiambia jaribu tena."

Nikamwambia bora aifomati tu, tuanze moja. Akatikisa kichwa. "Kufomati naweza. Ila hutajua ilikuwa inaumwa nini."

Akaanza hatua kwa hatua. Kwanza akachomeka diski ya nje ili anakili mafaili yangu, maana mfumo endeshi haubadilishwi kabla ya kuweka nakala pembeni. Akawa anasoma majina ya mafolda kwa sauti: picha, masomo, kwaya. Halafu akauliza, "Na hili la hesabu za hija, ni la muhimu?"

Nikanyamaza kidogo. Nikasema, "Nakili tu, kaka."

Akaendelea. Diski ilikuwa na nafasi ya GB 9 tu, na kazi ile inahitaji kama GB 20 au zaidi. Tukafuta filamu na mafaili ya muda. Akachomoa kila kitu cha nje: flashi, kipanya, waya wa printa. Akaondoa antivairasi, kwa sababu nyingine huzuia mabadiliko zikidhani ni adui. Akaikagua diski kwa amri ya chkdsk, tukasubiri saa nzima na zaidi, diski ikaonekana nzima. Tukajaribu. Ikarudi kulekule, na namba ileile.

Safari hii akaisoma. Akaniambia namba za ukoo huo mara nyingi huashiria draiva, yaani zile programu ndogo zinazoiunganisha kompyuta na vifaa vyake. Akafungua folda ambalo mfumo huandika kumbukumbu za usakinishaji, akashuka mstari kwa mstari, mwishowe akasimama kwenye jina moja.

"Hii modemu iko wapi?"

Nikacheka. "Nilishaitupa, kaka. Miaka miwili sasa."

"Umetupa modemu. Programu yake hukuitoa. Kila kompyuta ikiwaka inaiita bado."

Akaitoa ile programu na draiva yake. Tukaanzisha tena. Ilipofika sabini na tano nikajikuta nashika meza. Ikapita. Saa kumi jioni nilikuwa natumia Windows 10, na mafaili yangu yote yapo.

Nilitakiwa kufurahi. Lakini njiani kuelekea nyumbani sikufurahi, na sababu niliijua.

Nilikuwa mtunza hazina wa vijana wa parokia. Tulikuwa tunachanga kwa ajili ya hija ya Bagamoyo, pale wamisionari walipoanzisha misheni yao mwaka 1868. Kila mmoja anatoa kidogo kidogo, elfu moja, elfu mbili. Mwaka mmoja nyuma nilikuwa mtu wa kubeti. Nilianza na hela yangu. Ilipoisha nikaazima ya hija, nikijiambia Jumamosi mechi ikikubali nairudisha. Mechi hazikukubali. Ilipofika shilingi 140,000 nikaogopa, nikaacha. Na kweli niliacha! Nilifuta akaunti, sijabeti tena hadi leo. Lakini kwenye lile jedwali la hesabu niliandika kwamba hizo 140,000 ni malipo ya awali ya basi. Basi ambalo halikuwepo.

Niliungama. Nilimwambia padre kwamba nilikuwa nacheza kamari na nimeacha. Ya hela sikusema. Sikusahau, niliiruka. Nikafanya malipizi niliyopewa, nikatoka, nikajiona nimeanza upya. Baada ya wiki mbili nikawa mtu yuleyule: usingizi hauji, nakwepa vikao, mtu akitaja Bagamoyo naangalia simu. Nikaja kuungama tena, nikasema mambo mengine. Nikarudi tena kulekule. Nilidhani tatizo ni kwamba sina imani ya kutosha, nikaongeza novena.

Jioni ile ndipo maneno ya fundi yaliponikalia. Kubeti nilikutupa. Deni la kubeti sikulitoa. Kila nikiwaka linaniita.

Kijana mwenzangu, tusiharakishe hapa. Wengi wetu tunajua kuacha. Umeachana na yule mtu, umeacha pombe, umeacha kundi fulani, umefuta zile picha kwenye simu. Asante Mungu, hilo ni jambo kubwa. Lakini kuacha ni jambo moja na kutengeneza ni jambo lingine. Mama Kanisa anatufundisha kwamba mwenye kutubu ana mambo matatu ya kufanya: majuto, maungamo na malipizi. Katekisimu, namba 1459, inaeleza wazi kwamba maondoleo yanafuta dhambi, ila hayatengenezi yenyewe uharibifu wote ulioletwa na dhambi. Kilichoibwa kirudishwe, na sifa ya mtu uliyoichafua isafishwe. Hilo si wazo la padre mkali, ni haki ya kawaida kabisa. Mungu akinisamehe, yule binti aliyekuwa anabana nauli ili achangie elfu mbili zake bado hana elfu mbili zake.

Na kuna la pili. Dhambi uliyoisahau kweli wakati wa kuungama inasamehewa pamoja na nyingine. Ukiikumbuka baadaye unaitaja. Lakini ile kubwa unayoificha kwa makusudi, hapo unakuwa umemwendea daktari huku umefunika kidonda. Mtakatifu Yeronimo alilifananisha hivyo karne nyingi zilizopita: mgonjwa akiona aibu kumwonyesha daktari jeraha, dawa haiwezi kuponya kisichojulikana. Mimi nilikuwa namwambia Mungu "jaribu tena" bila kutaka kusoma namba.

Sasa mtazame Zakayo. Sisi tunamkumbuka kwa ufupi wake na kwa mkuyu, kwa sababu tuliimba habari zake utotoni. Lakini angalia mpangilio wa mambo. Yesu hakusimama chini ya mti akasema lete kwanza daftari la kodi, nikague, ndipo nije kwako. Alimwita kwa jina, akataka kukaa nyumbani kwake siku ileile, hesabu zikiwa bado chafu. Neema ilitangulia. Lakini Yesu alipokwisha kuingia, hakuna aliyemuuliza Zakayo habari za pesa. Zakayo mwenyewe alisimama akaanza kutaja viwango. Nusu ya mali kwa maskini, na aliyedhulumiwa arudishiwe mara nne. Hapo ndipo Yesu alipotamka kwamba wokovu umefika katika nyumba ile. Zakayo hakununua ujio wa Bwana kwa zile pesa. Ujio wa Bwana ndio uliompa nguvu ya kuzitaja.

Nilikwenda kuungama Jumamosi kabla ya Jumatano ya Majivu. Nilikuwa nimefikiria kwenda parokia nyingine nisikojulikana, au hata kuhama kabisa kikundi, nikaanze upya mahali pengine. Nikakumbuka habari ya kufomati. Kuungama kwa padre usiyemfahamu si kosa, ni haki yako. Kwangu mimi ilikuwa ni kukimbia tu.

Nikasema yote, na zile ungamo nilizoruka pia. Padre hakushtuka. Aliuliza swali moja tu: "Hela imerudi?" Nikasema haijarudi. Akaniambia, "Basi anza hapo. Huruma ya Mungu unaipata leo. Hela utairudisha kadiri unavyoweza, lakini uirudishe."

Sitakudanganya kwamba yaliyofuata yalikuwa mepesi. Nilimwendea mwenyekiti na mlezi wetu, nikafungua laptop, nikawaonyesha ule mstari wa basi. Mwenyekiti alikaa kimya muda mrefu. Nikatolewa kwenye utunza hazina, na ilikuwa haki. Nililipa shilingi 20,000 kila mwezi, kuanzia Machi hadi Septemba. Yule binti hakunisalimia kwa miezi mingi, nami sikumdai salamu. Oktoba, mwezi wa Rozari, wenzangu walikwenda Bagamoyo. Mimi sikwenda, mchango wangu mwenyewe sikuwa nao. Niliwasindikiza hadi kwenye basi, alfajiri, nikawasaidia kupakia masufuria. Basi la kweli safari hii. Nikarudi nyumbani nikalala, usingizi ambao sikuwa nimeupata kwa muda mrefu.

Basi, kama nawe kila Kwaresima, kila mafungo, kila Januari unaanza upya kisha unarudishwa ulikotoka, usijihukumu haraka kwamba Mungu amekuchoka. Na usikimbilie kubonyeza tena. Wiki hii fanya haya.

Keti mahali patulivu, usiku, simu ikiwa mbali. Usiulize tu "nimefanya nini", uliza pia "nimeacha nini bila kukitengeneza?" Litaje kwa jina lake. Deni ni deni, uongo ni uongo.

Kisha nenda kaungame, na hilo ndilo liwe la kwanza kulisema. Ukiliweka mwisho utaliruka, naifahamu njia hiyo.

Halafu muulize padre namna ya kutengeneza. Mengine yanarudishwa kwa fedha, mengine kwa kuomba msamaha, mengine kwa kusahihisha maneno uliyoyasambaza. Mengine hayawezekani tena kurudishwa, na hapo pia Kanisa lina njia, huachwi peke yako. Anza na kiasi unachoweza. Hata elfu tano ni mwanzo.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyeingia kwa Zakayo kabla hesabu zake hazijakaa sawa, ingia na kwangu leo. Unionyeshe kile nilichodhani nimekitupa, kumbe bado kimo ndani. Unipe ujasiri wa kukitaja na uvumilivu wa kukilipa. Uwabariki wote niliowaumiza, na uwarudishie hata yale nisiyoweza mimi kuwarudishia. Amina.

Laptop ile bado ninayo. Ni nzito, inachelewa kuwaka. Faili la hesabu za hija bado limo, na ule mstari sikuufuta. Niliandika tu pembeni yake: imelipwa, Septemba 2020.

Tumsifu Yesu Kristo.