Simu ya Muuza Dagaa wa Kipumbwi

Bibi wa hadithi hii nimemtunga. Nimemweka Kipumbwi, kusini mwa mto Pangani, ambako dagaa huchemshwa na kuanikwa karibu na ufuko, nikampa mjukuu mmoja na simu mbili. Yaliyozipata simu hizo sikuyatunga. Hasara ya namna hiyo imewafika watu wengi ambao hawakujua hata wamlalamikie nani.

Simu ya kwanza ni Smart Kitochi, iliyoingizwa sokoni na Vodacom Tanzania mwaka 2019. Kwa nje ni kitochi cha batani kama vingine, ila ndani mna mfumo endeshi wa KaiOS, intaneti ya 4G na WhatsApp. Kwa Bibi, hiyo WhatsApp ndiyo simu yenyewe. Kuandika kunamsumbua, kusema hakumsumbui. Mashua zikirudi alfajiri anaupiga picha mzigo, anabonyeza kitufe, anataja bei kwa sauti yake, na mnunuzi wa Korogwe anamjibu papo hapo. Zamani alikuwa anamngoja dalali avuke kwa kivuko cha Bweni, aje na bei aliyojipangia mwenyewe. Simu ile ilimtoa kwenye mkono wa dalali, na faida hiyo haikuwa ndogo.

Katikati ya mwaka 2024 WhatsApp iliondolewa kwenye duka la programu la KaiOS. Waliokuwa nayo tayari wakaachiwa hadi mwanzoni mwa 2025, kisha ikazimika. Mjukuu alikigeuza kitochi huku na huku, akakizima, akakiwasha.

"Bibi, simu haijaharibika."

"Haijaharibika vipi, na Korogwe hawanisikii?"

"Wenye WhatsApp wameifunga. Kwenye simu za aina hii."

"Waliniuliza lini?"

Mjukuu hakuwa na jibu, kwa sababu hakuna aliyeulizwa. Betri ni nzima, laini inasoma, salio lipo. Kilichokwenda ni kile alichokinunulia simu, na kilikwenda kwa uamuzi uliopitishwa mbali sana na Pangani, na watu wasiojua kwamba Kipumbwi ipo.

Linaloniuma zaidi ni asili ya mfumo huo wa KaiOS. Mwaka 2011 shirika la Mozilla, wale wa kivinjari cha Firefox, walianza kujenga mfumo endeshi wa simu ambao msimbo wake ungekuwa huria, kila mtu aweze kuusoma, kuunakili na kuubadili. Simu za Firefox OS zikaanza kuuzwa 2013. Mwishoni mwa 2015 Mozilla wakatangaza kwamba wanaacha kuziuza. Msimbo ulibaki, na juu yake ikajengwa KaiOS, ambayo mwaka 2018 Google iliwekeza dola milioni 22 ndani yake. Kampuni kuchukua msimbo huria na kuufanyia biashara si kosa. Ruhusa hiyo imo ndani ya leseni. Lakini uhuru ule uliishia kwa watengenezaji. Simu iliyofika mkononi mwa Bibi ilikuwa na duka moja tu la programu, na simu nyingi za KaiOS hazimpi mwenye simu njia ya kuweka programu kutoka nje ya duka hilo, sembuse kuubadili mfumo wenyewe. Mbegu ilikuwa ya wote, shamba likazungushiwa ua.

Nisimdanganye msomaji: hata kitochi kile kingekuwa wazi kama uwanja wa Tangamano pale Tanga mjini, WhatsApp isingerudi. Ujumbe wake unapita kwenye mitambo ya Meta, kampuni yenye WhatsApp, na Meta ndiyo inayosema programu gani iruhusiwe kuingia. Waliowahi kuweka ile WhatsApp ya GB, isiyo rasmi, wanajua akaunti inavyofungiwa. Kufuli hapa ni mbili, moja kwenye simu na nyingine kwenye huduma, na Bibi hakushika ufunguo hata mmoja. SMS, kwa kulinganisha, haina kampuni moja inayoimiliki. Simu ya aina yoyote inaipeleka kwa simu ya aina yoyote, na mpaka leo kitochi chake kinatuma SMS bila taabu. Tatizo ni kwamba SMS haibebi sauti yake wala picha ya dagaa.

Mahali ambapo mlango uliachwa wazi, mambo yalikwenda vingine. Samsung Galaxy S II ilitoka mwaka 2011, na Samsung yenyewe iliishia kuipa Android 4.1. Watu wa kujitolea wakaendelea nayo kupitia mradi wa CyanogenMod, na ulipokufa mwishoni mwa 2016 wakaendelea na LineageOS, wakaifikisha Android 7.1. Oktoba 2023, WhatsApp ilipoziacha simu zenye Android iliyo chini ya toleo la 5, Galaxy S II iliyobaki na mfumo wa kiwandani ilikuwa upande wa walioachwa, na iliyowekewa LineageOS ilikuwa upande wa waliosalia. Chuma ni kilekile. Tofauti ni kwamba simu hiyo ilikubali kuwekewa mfumo mwingine na mtu asiye kiwanda. Simu nyingi zinazouzwa leo zina butiloda iliyofungwa, yaani ile programu ya kwanza inayoamka ukibonyeza kitufe cha kuwashia, na kazi yake mojawapo ni kukataa mfumo wowote usio na sahihi ya kiwanda.

Simu ya pili ni ya kioo, ya mkopo. Bibi ameshakosa oda za wiki kadhaa, na mjukuu amemshauri: kianzio kidogo, kisha malipo kidogo kidogo kila siku, mwisho wa mkataba simu ni yako. Mikopo hii imeenea Afrika Mashariki, na imewapa simu janja watu ambao wasingeweza kutoa fedha taslimu. Siipingi. Lakini ndani ya simu kama hiyo mna programu ya kufunga, iliyowekwa kwa namna ambayo hata ukifuta kila kitu na kuirudisha simu kama ilivyotoka dukani, yenyewe inabaki. Malipo yakichelewa, kioo kinaonyesha ujumbe wa deni na simu haifanyi kazi nyingine ya maana mpaka ulipe.

Kwa mshahara wa ofisini, malipo ya kila siku yanahesabika. Kwa dagaa hayahesabiki. Mashua za taa zinakwenda usiku wa giza, kwa kuwa dagaa huifuata taa pale tu ambapo mwezi hauishindi. Mbalamwezi ikikamata, mashua zinalala. Kusi ikivuma kwa nguvu, zinalala tena. Fedha ya Kipumbwi inaingia kwa mkupuo na kukatika kwa siku nyingi mfululizo, na programu ile haikufundishwa habari za mwezi. Basi katikati ya mwezi mpevu simu ikajifunga, na ndani yake kulikuwa na namba za wanunuzi ambao ndio wangemlipa ili naye alipe. Mjukuu aliichomoa laini akaiweka kwenye kitochi, na fedha zake za simu zikapatikana, maana akaunti hiyo inakaa kwenye laini. Majina aliyoyahifadhi kwenye simu yalibaki ndani.

Jirani akamwambia yupo fundi Ngamiani, Tanga mjini, anayefungua. Mafundi wa kuflash, yaani kuiwekea simu mfumo upya kwa faili, wapo, na wengine ni hodari kweli. Lakini kuifungua simu ambayo bado ina deni ni kuvunja mkataba alioutia sahihi, na hilo Bibi alilikataa mwenyewe bila kushauriwa. Liko na jambo la pili: faili analoliweka fundi limetoka wapi? Mwaka 2020 wachunguzi wa usalama wa simu wa Secure-D walieleza kwamba simu za Tecno W2 zilizouzwa katika nchi kadhaa za Afrika zilikuwa na programu hasidi za Triada na xHelper tangu zikiwa mpya. Zilikuwa zinawasajili watu kwa siri kwenye huduma za kulipia na kula salio lao. Kampuni inayozitengeneza simu hizo ilisema lawama ni ya msambazaji mmoja katika mnyororo wake. Kwa mnunuzi jawabu hilo halikusaidia kitu, maana kufuta data zote hakukutosha kuing'oa xHelper. Kama hata iliyotoka kiwandani ikiwa imefungwa kwa plastiki ilikuja na mwizi ndani, faili lisilojulikana limetoka kwa nani linastahili shaka kubwa zaidi. Simu iliyo wazi ina faida pale ambapo kuna macho mengi yanayousoma msimbo. Giza la kiwanda na giza la kichochoro kwangu ni giza lilelile.

Hoja ya usalama ndiyo inayotumiwa sasa kuongeza kufuli. Agosti 2025 Google ilitangaza kwamba programu za Android, hata zile zinazowekwa kutoka nje ya duka lake, zitatakiwa kuwa na mtengenezaji aliyejisajili kwake kwa utambulisho wake halisi, kuanzia Septemba 2026 katika Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, kisha kwingineko. F-Droid, duka la programu huria lililoanza 2010, lilipinga kwa sauti. Baadaye Google ikasema itawaachia njia watumiaji wazoefu. Najua utapeli wa simu unavyowaumiza wazee wetu, na sitaki Bibi abofye kila kiungo anachotumiwa. Bado, kumlinda mtu na kumnyang'anya neno la mwisho juu ya mali yake ni mambo mawili, na kampuni iliyoshika yote mawili kwa mkono mmoja lazima ihojiwe kila siku, sisi tukiwa miongoni mwa wanaohoji.

Bibi alilingoja giza, akauza, akalimaliza deni, na kabla ya jambo lingine lolote akamwamuru mjukuu anakili namba zote kwenye daftari na kwenye laini. Msimu uliofuata mjukuu alitaka simu yake mwenyewe. Wakaenda pamoja Tanga mjini, dukani.

"Karibu, mama. Hii kamera yake kali."

"Ahsante, mwanangu. Kamera baadaye. Kiwanda kimeahidi kuiletea mfumo mpya mpaka mwaka gani?"

Muuzaji akatafuta kwenye simu yake, akataja mwaka.

"Na hiyo butiloda, mwenyewe naruhusiwa kuifungua?"

"Hiyo, mama, kwa kweli sijawahi kuulizwa. Nipe dakika nimpigie fundi."

Bibi akavuta stuli akakaa, na wateja wawili waliokuwa nyuma yake wakasogea wasikie jibu.