Ng'ombe Wake, Mbavu Zake

Wakati wa kuvuna alizeti, mkokoteni wa ng'ombe ulipinduka karibu na Ikungi ukamlalia mjomba wangu kifuani. Hospitalini daktari alimwambia, "Mbavu huunga zenyewe, mzee wangu. Tutakupa dawa ya maumivu, nawe ujitahidi kupumua na kukohoa."

Hakudanganya. Mbavu nyingi zilizovunjika huunga bila kisu, kwa wiki sita hivi. Hata ile desturi ya kufunga kifua kwa bandeji imeachwa, maana humbana mgonjwa asivute pumzi ya kutosha, makohozi yakabaki ndani na nimonia ikaingia.

Lakini mbavu za mjomba zilikuwa nne zinazofuatana, kila moja imevunjika mahali pawili. Sehemu hiyo ya kifua ilikuwa imeachia: akivuta pumzi inabonyea, akitoa inachomoza. Nilimpigia simu rafiki yangu muuguzi. Akanieleza kwamba kwa majeraha kama hayo wapo madaktari wanaopasua na kuzishikiza mbavu kwa vibamba vya titani na skrubu, na kwamba ni vizuri kufanya hivyo ndani ya siku chache. Tuulizie Dodoma au Dar es Salaam.

Nikapiga hesabu ya gari, kitanda na upasuaji. Kila hesabu iliishia kwa ng'ombe wake wawili wa kulimia, na bila wao hakuna msimu. Nikarudi wodini, nikamshika mkono, nikanyamaza. Niliona kumtajia mtu tiba asiyoimudu ni kumwongezea kidonda.

Bado ninaweza kujitetea. Upasuaji wenyewe una hatari zake, na si kila aliyevunjika mbavu hufaidika nao. Safari ndefu na kifua kile ingeweza kumuua njiani. Pengine kubaki ndiko kulikuwa sawa.

Ila uamuzi kuwa sawa ni jambo moja, na nani ameuamua ni jambo jingine. Kuna tofauti kati ya "hakuna la kufanya" na "hakuna la kufanya hapa". Kauli ya kwanza humwachia mgonjwa kazi ya kuvumilia tu. Ya pili humwachia swali: niende au nibaki, niuze au nisiuze, niwaite ndugu au nisiwaite? Humpa pia haki ya kuuliza kwa nini hapa hakuna. Umaskini ulikuwa umeshamnyima mjomba vibamba. Swali nilimnyima mimi.

Alipona, kwa namna yake. Mwaka uliofuata nilimkuta shambani, amesimama katikati ya tuta akitafuta pumzi. Nikamweleza yote. Alikaa kimya kitambo.

"Pengine nisingeuza," akasema. "Lakini ng'ombe ni wangu, mpwa wangu, na mbavu ni zangu. Wewe uliviamulia vyote viwili."

Nilitaka kumwambia kwamba nilifanya kwa upendo. Ni kweli, ila upendo ule ulimhesabu kama mtoto, mtu aliyenilea. Siku hizi jamaa wakiniomba tumfiche mgonjwa habari "asije akaumia moyo", huwa nawauliza ni moyo wa nani tunaoulinda. Wangu, siku ile wodini, ndio uliopata nafuu.