Kaka wa Kupangiwa

Mvulana wa kwanza kuigiza kama Wally Cleaver, kaka mkubwa katika tamthilia ya televisheni ya Marekani Leave It to Beaver, aliitwa Paul Sullivan. Alionekana katika kipindi cha majaribio, kisha akarefuka mno kwa nafasi ile, watayarishaji wakatafuta mwingine. Wakampata Tony Dow, mtoto wa Hollywood mwenye miaka 12, hodari wa mashindano ya kujirusha majini. Beaver, mdogo wake Wally, aliigizwa na Jerry Mathers, miaka 9. Tarehe 4 Oktoba 1957, siku ileile Wasovieti waliporusha setelaiti ya Sputnik, Wamarekani wakaanza kuwaona wawili hawa wakilala chumba kimoja, wakigombana na kupatana, katika mji wa kubuni wa Mayfield.

Laiti Sullivan angechelewa kurefuka, kaka angekuwa yeye. Jambo hili halinitoki akilini. Dow na Mathers walikaa marafiki hadi kifo, zaidi ya miaka 60, na chanzo chake ni mkataba wa kazi uliosainiwa na watu wazima. Hawakuchaguana. Tena mapenzi yale ya kindugu yaliandikwa na wengine, wao wakayakariri na kulipwa. Je, kitu kilichoanza kwa kuigizwa chaweza kuwa cha kweli?

Kwa mtu aliyesomeshwa dini kama mimi, swali hili lina uzito. Tulifundishwa kutanguliza nia kabla ya takbira. Amali isiyo na nia ni mwili mtupu. Lakini walimu walewale walitusimamisha kwenye safu tukiwa na miaka saba, hatujui maana ya tunachokisoma, tukimtazama aliye mbele yetu ili tujue wakati wa kuinama. Hakuna aliyesema sala zile za utotoni ni uongo. Nia ilitukuta ndani ya kitendo, baadhi yetu mapema, wengine kwa kuchelewa sana.

Imamu Ghazali, katika kitabu chake Ihya, aliufananisha udugu na akdi ya ndoa: ukishafungwa, unaleta haki na wajibu, kuanzia mali hadi ulimi, kusamehe, na dua. Namwamini, na nikimsoma namkumbuka bibi yangu mzaa mama. Aliozwa kwa mtu ambaye hakuwahi kumwona. Wazee walipeleka posa, wazee wakaitika. Babu alipopofuka, bibi alikuwa akikaa naye barazani jioni, anammenyea chungwa na kumwambia kwa sauti ya chini nani anapita, ili babu awahi kumsalimu mtu kwa jina lake. Ningemwuliza bibi kama alimchagua mumewe, angeona sina la kuuliza.

Aristotle ana pingamizi zito zaidi. Alisema urafiki wa manufaa hufa manufaa yanapokwisha, na mtu anaweza kudai kwamba Dow na Mathers walinufaishana maisha yote: jina la mmoja lilimuuza mwenzake, na hadi uzeeni walikuwa wakisafiri pamoja kukutana na mashabiki. Ni kweli. Ila manufaa hayo yaliwahi kukatika. Kipindi kilikwisha mwaka 1963, baada ya maonyesho 234. Mathers akarudi shule, akalitumikia jeshi la akiba la anga, akasoma falsafa (ndiyo, falsafa) Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Wakati wa vita vya Vietnam ikazagaa habari kwamba ameuawa vitani, habari ya uongo. Dow naye, katika miaka yake ya ishirini, alishikwa na sonona, na baadaye akaisema hadharani ili wengine watafute tiba. Kuna watoto wengi wa televisheni waliokwenda njia zao wasitafutane tena. Hawa walitafutana. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walipanda jukwaa moja, na mwaka 1983 wakairudia Mayfield kwenye televisheni wakiwa watu wazima, Beaver ameachana na mkewe, Wally ni wakili.

Wala Dow hakukosa pengine pa kusimama. Aliongoza tamthilia za televisheni, kisha akawa mchongaji. Mwaka 2008 sanamu yake ya shaba, mwanamke mwenye ngao asiye na silaha, ilioneshwa Carrousel du Louvre, Paris. Angeweza kuchoka kuwa kaka wa Beaver, na hakuna ambaye angemlaumu.

Dow alifariki tarehe 27 Julai 2022, akiwa na miaka 77. Siku moja kabla, kifo chake kilikuwa kimetangazwa kimakosa. Katika salamu zake, Mathers alisema Dow alikuwa ndugu yake kwenye televisheni na, kwa namna nyingi, ndugu yake maishani. Ile "kwa namna nyingi" naiheshimu. Ni maneno ya mtu anayepima anachokisema hata akiwa na msiba.

Ghazali anataka uaminifu wa udugu uendelee baada ya mauti, kwa watoto wa marehemu na kwa wale aliowapenda. Naona hapo ndipo hoja ya manufaa inapokwama, maana maiti halipi. Mtayarishaji aliyewaweka chumba kimoja mwaka 1957 hakuandika kwenye mkataba kwamba mmoja atamlilia mwenzake miaka 65 baadaye. Kifungu hicho walikiongeza wenyewe.